Bodi ya Kumpeleka Mzee Zapalac

Mzee Emil Zapalac alikuwa amelala chali nyuma ya pikapu, mikono kifuani, kofia juu ya tumbo, macho kayafumba kama mtu aliyekwisha kuagana na dunia.

"Haya, endesha," akasema.

"Baba, tuko dukani," mwanawe Rodney akamjibu kupitia dirishani.

"Maiti hachagui barabara. Endesha!"

Rodney akaachia breki, akakanyaga mafuta. Mbele ya duka la vifaa vya pikapu la Bernadette kulikuwa na kijilima, na pikapu ikaanza kukipanda. Mzee naye akaanza safari ya kurudi nyuma, polepole, buti zikitangulia, akachomoka kwenye mlango wa nyuma kama mkate unaotolewa tanuruni. Bernadette, mama wa mwili na nguvu zake, akamdaka kiunoni.

"Hii hapana," mzee akasema, bado amekumbatiwa. "Plastiki hii ndiyo iliyomponza Alfons."

Huku Nova Lhota, Texas, gari la maiti ni la watu wa mjini. Mkulima anakwenda makaburini kwa pikapu ya kwao, basi. Sasa Alfons, binamu wa mzee Emil, alipakiwa kwenye pikapu iliyotiwa bitana mpya, lile ganda la plastiki la kukinga bodi ya nyuma, pale pa kubebea mizigo, isikwaruzwe. Linang'aa, linateleza kama kambale. Kwenye mlima wa kanisa sanduku likatoka lenyewe, likateremka, likavuka barabara na kusimama uwanjani kwa Wabaptisti, karibu kabisa na jiko la nyama choma. Mkatoliki wa kuzaliwa! Tena mvua inamnyeshea.

Ndiyo maana daktari alipomwambia mzee Emil kuwa moyo wake umechoka, yeye hakulia. Aliuza ng'ombe, akamgawia jirani mbwa wake, akachagua sanduku la mwaloni lenye pembe za shaba. Likabaki jambo moja: bitana isiyoteleza na kifuniko cha bodi kisichovuja.

"Nikipata hivyo viwili," alisema, "nakwenda zangu."

Rodney aliamini kila neno. Ukoo wa Zapalac haufi kazi ikiwa nusu. Mama yake aliugua, akazidiwa, akagoma kufa mpaka achari yote iingie kwenye mitungi. Alipokaza kifuniko cha mwisho akasema "haya," akaegemea kiti, ukawa ndio mwisho.

Na Rodney, pamoja na mvi zake zote, hakujua angefanya nini asubuhi bila mtu wa kumwita bwege kabla ya kahawa.

"Tuna hii ya mpira," Bernadette akasema, akiwatandazia nyingine. "Haitelezi hata ukiimwagia mafuta."

Mzee akalala, pikapu ikapanda, mzee akaganda kama stempu. Moyo wa Rodney ukashuka mpaka kwenye soksi.

"Na kifuniko?" mzee akauliza.

"Hapo sasa," Bernadette akasema. "Bitana hii inapanda mpaka juu ya kingo za bodi. Kifuniko chako kinataka kubana kingo zenyewe, chuma kwa chuma. Hivi viwili havipatani hata mbele ya kasisi."

"Havipatani kabisa?" Rodney akauliza, na sauti yake ikatoka na furaha ya kutia aibu.

Mzee akavaa kofia. "Basi sifi wiki hii. Twende tukale."

Kuanzia siku hiyo Rodney akawa bingwa wa vitu visivyopatana. Alileta kifuniko cha bodi fupi kwa bodi ya wastani. Alileta cha kukunja ambacho vibano vyake viligombana na sanduku la spana lililofungwa nyuma ya kabini. Alileta kimoja cha gari la Kijapani, kidogo kama kitambaa cha mezani, akajifanya kushangaa.

"Mwanangu ni bwege," mzee akawaambia watu wa duka la mikate, huku akitafuna kolache yake, kile kimkate kitamu chenye tunda la aprikoti. "Nitakufa lini kwa mwendo huu?" Na alikuwa ameanza kunenepa.

Bernadette siku moja akamvuta Rodney pembeni. "We kaka, mbona unanunua kama uliyerogwa?"

Rodney akamweleza. Bernadette akafuta macho kwa kitambaa cha grisi, uso ukabaki na mistari. "Basi leo usimlaumu mtu," akasema. "Mzee amepiga simu mwenyewe wakati mimi sipo. Ameagiza bitana ya kuishia chini ya kingo na kifuniko kigumu. Kapima kila kitu. Vimefika, na vijana wamekwisha kuvifunga."

Kweli, mzee alikuwa amesimama nje kavaa suti.

"Unaona?" akamwambia Rodney. "Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Nifunikie."

Akapanda, akalala. Mpira ukamshika. Kifuniko kikashuka, kikaingia mahali pake bila kelele. Kazi safi mpaka inaudhi. Bernadette akafungua mpira wa maji, akamwaga juu ya bodi kama gharika ya Nuhu, halafu akafunga.

"Baba, yanaingia?"

Kimya.

Rodney akagonga kifuniko. "Baba, umelowa?"

Bernadette akafanya ishara ya msalaba. Kutoka ndani, mbali, ikasikika pumzi ndefu ya mtu aliyeridhika, kisha neno moja, taratibu:

"Haya..."

Rodney alilijua neno lile. Akalitazama lile gari toka mlango hadi kabini, akautazama urefu wa bodi, na jambo ambalo hakuna aliyeliwaza likampiga kama kofi.

"Baba! Sanduku!"

Sauti ikatoka chini ya kifuniko: "Sanduku limefanyaje?"

"Tumekupima wewe! Hatujapima sanduku! Lina pembe za shaba, linapita bodi! Na kwa kimo pia halitafunikika! Tutaacha mlango wazi, na upande wa miguu utanyeshewa!"

Bernadette alikuwa ameuma mpira wa maji.

"Fungua," sauti ikasema.

Mzee akaketi, nywele zimesimama, mashavu mekundu kwa hasira. Hakuonekana mgonjwa hata kidogo.

"Bwege we! Yaani ulitaka kunizika na soksi mbichi?"

"Nisamehe, baba."

"Inatakiwa pikapu ya bodi ndefu. Na kifuniko cha kuinuka, kama paa."

"Hizo mpaka ziagizwe kiwandani," Bernadette akadakia haraka. "Foleni yake hata sikwambii. Kwanza uchague rangi."

Mzee akashushwa chini. Akaizunguka pikapu yote, akaipiga teke gurudumu, akafikiri.

"Rangi si jambo la kuharakisha," akasema. "Rodney, kanirudishie mbwa wangu kwa jirani."