Mkate wa Tanuri Jingine

Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo. Hoshim, mwokaji mikate wa mtaa wa mfereji katika mji wa Margilan, alikuwa na makovu ya moto mikononi tangu ujana wake, kwa kuwa kazi ya kubandika mikate ndani ya tanuri la udongo haimwachi mtu na ngozi laini. Huungua, hupaka mafuta, huendelea na kazi. Lakini safari hii ngozi ilikataa kufunga. Ilikaa mbichi tangu theluji ilipoyeyuka mpaka miforosadi ilipoanza kudondosha matunda njiani, na mwishowe mkewe, Salomat, akamburuta hadi zahanati.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Alikitazama kidonda, akamtoboa kidole, akampeleka kupima damu, kisha akamwambia ana kisukari, ile aina inayomnyemelea mtu kimyakimya kwa miaka.

Hoshim aliduwaa. Alikuwa akinywa maji mengi na kwenda haja mara kwa mara, lakini kila siku alilaumu tanuri. Mtu anayeshinda mbele ya moto, kwa nini asione kiu? Alipoyafikiria haya njiani kurudi nyumbani, alihisi kama mtu aliyezungukwa. Mwili wake ulikuwa umemficha habari zake mwenyewe, tena ukaifanya kazi yake kuwa kisingizio.

Masharti hayakuwa mengi. Vidonge wakati wa chakula. Chai bila sukari ya mawe. Kipande cha mkate kisichozidi kiganja.

"Kiganja changu?" aliuliza Hoshim akiunyosha mkono wake mpana kama koleo.

"Changu mimi," alijibu daktari, akacheka.

Na kila akimaliza kula, atembee.

Kujipima damu asubuhi kulikuwa kazi ya watu wawili. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekomaa kwa moto, sindano ikigonga ni kama imegonga kiatu. Salomat ndiye aliyegundua kwamba ubavuni mwa kidole cha mwisho bado kulikuwa na ngozi ya binadamu. Alimshika mkono, akatoboa, akaminya, akasoma namba, akasema "vizuri" au akanyamaza. Jambo gumu zaidi lilikuwa mkate wa kwanza. Tangu alipojifunza kazi, mkate wa kwanza kutoka tanurini alikuwa akiumega ungali moto na kuula wote, hivyo ndivyo alivyojua chumvi ya siku hiyo. Sasa aliumega, akaunusa, akatafuna chembe moja, uliobaki akawapa wateja. Akazoea. Akazoea supu ya choroko, mtindi, matango na figili. Kidonda kikaanza kujifunga. Salomat alisema hata kukoroma kumepungua, na hiyo aliisema kwa majirani, si kwake.

Kitu kimoja tu kilimtia hofu: gashtaki yake, kundi la marafiki wanaokula pamoja.

Walikuwa wanaume waliomaliza shule pamoja, na tangu siku hizo walikutana kila mwezi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwenye zamu hupika pilau. Hoshim huleta mikate, ile minene ya siagi na ufuta ambayo huokwa kwa wageni tu, na katikati ya kila mkate kuna muhuri wake wa pini, nyota ndani ya duara. Kila mwokaji ana muhuri wake. Na kwa kuwa Hoshim alizaliwa miezi michache baada ya wenzake wote, yeye ndiye mmiminaji wa chai mpaka leo, mvi na yote. Aliimimina kama inavyotakiwa, kidogo tu chini ya kikombe, ili mgeni amalize upesi na arudishe, amiminiwe tena. Kikombe kikijazwa hadi mdomoni, mgeni anajua anaambiwa aondoke. Pale Margilan mtu anaweza kukosa ndugu wa kuzaliwa akaishi. Akikosa gashtaki, hana wa kusimama mlangoni pake siku ya harusi, wala wa kumbeba siku ya mwisho.

Basi kwenye mkutano wa kwanza baada ya zahanati, nyumbani kwa Mutal, Hoshim aliwaambia mwenyewe. Mutal, fundi viatu, mtu mfupi mwenye maneno, akasema sasa watamwita Hoshim Matango. Wakacheka, naye akacheka. Pilau ikaja. Tolib, kiongozi wao, akafanya kama alivyofanya miaka yote: alikusanya tonge kwa vidole, wali na nyama na mafuta ya mkia wa kondoo, akanyosha mkono kumlisha rafiki yake mdomoni. Hoshim akageuza uso pembeni. Hakukusudia kumvunjia heshima, shingo yenyewe iligeuka. Mkono wa Tolib ukabaki hewani, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kifundo. Kisha Tolib akalila lile tonge mwenyewe, polepole, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya pamba.

Mwezi uliofuata Tolib alipita dukani, akasema hakuna gashtaki, wengi wana shughuli. Mwezi mwingine akasema mama yake anaumwa. Hoshim akampelekea yule mama mkate mlaini. Hakushuku kitu. Nyumbani alimwuliza Salomat kama amesikia lolote kutoka kwa wake za wenzake, na Salomat, akiwa ameinamia kidole chake na sindano, akasema hajasikia.

Ni matembezi aliyoagizwa na daktari yaliyomfungua macho. Jioni moja, akiwa amekula supu yake, alipita uchochoro wa nyuma ya nyumba ya Tolib, ambao si njia yake ya kawaida. Juu ya ukuta mfupi kando ya lango kulikuwa na vipande vya mkate vilivyopangwa. Hilo halikumshangaza. Hakuna mtu anayetupa mkate. Unaobaki huwekwa juu, mahali ambapo mguu hautaukanyaga, mpaka mwenye ng'ombe apite auchukue. Kimoja kilikuwa karibu kuanguka. Hoshim akakishika akisogeze ndani.

Ulikuwa mkate mnene, wa siagi na ufuta. Wa wageni. Akaugeuza kutafuta nyota yake, akakuta ua la petali nyembamba. Muhuri wa mwokaji wa ng'ambo ya mfereji.

Alisimama nao mkononi. Kutoka uani kulikuja harufu ya bizari na mafuta ya mkia, kisha kicheko cha Mutal, kile kinachoanza juu na kuishia kwenye kikohozi. Hoshim akaelewa kitu kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu, kama mtu anayehesabu mikate. Wapo wote. Hii si mara ya kwanza, kwa kuwa hata mwezi uliopita aliambiwa hakuna gashtaki. Na wameenda hadi ng'ambo ya mfereji kununua mkate, ili yeye asiulize.

Alifungua lango, akaingia.

Walikuwa wameketi kwenye magodoro kuzunguka kitambaa cha chakula, sahani kubwa katikati.  Wote wakasogea kwa mara moja kumpa nafasi, na kule kusogea kulimuuma, kwa sababu kulionyesha kwamba nafasi yake ilikuwa imezibwa.

"Karibu, ndugu yangu," alisema Tolib.

Hoshim akaweka kile kipande cha mkate mbele yake, ua likitazama juu. "Mama hajambo?"

Tolib akakuna shingo. "Tulifanya kwa ajili yako, Hoshim."

"Mmekula nyuma yangu kwa ajili yangu."

"Ulitaka tufanye nini? Uketi hapa ututazame kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya mchumba wake? Ile siku kwa Mutal hakuna aliyeshiba. Kila mtu alikuwa anahesabu matonge."

"Baada ya Tolib ni zamu yangu," alisema Hoshim. "Mlitaka kuiruka?"

Wakaangalia chini. Mutal ndiye aliyejibu, akiongea na mapaja yake. "Shemeji alikuja, Hoshim. Alikuja hapa akilia. Alisema tukiendelea kukuita tutakuua."

Hoshim alisikia maneno hayo yakiingia, lakini yalichukua muda kufika. Akaondoka bila kuaga. Langoni akageuka, akasema Alhamisi gashtaki ni kwake, kila mmoja aje kwa hiari yake.

Salomat alikuwa akikunja nguo. Alimtazama usoni mara moja, akajua, akaweka chini shati alilokuwa ameshika.

"Nilikuuliza," alisema Hoshim. "Nilikuuliza kama umesikia lolote, ukasema hujasikia. Ulikuwa umenishika mkono."

"Nilisema uongo."

"Mke wangu na rafiki zangu. Mmekaa kikao kama watu wanaogawa mali ya marehemu."

"Baba Dilfuza, nisikilize," alisema Salomat, kwa sauti ya chini. "Baba yangu alikuwa na ugonjwa huu huu. Gashtaki yake walimlisha kwa mikono yao, wanamwambia tonge moja halidhuru, mpaka mguu ukakatwa. Siku ya mazishi walimbeba vizuri sana. Mtaa mzima ulisifu. Mimi sitaki ubebwe vizuri."

"Ungeniambia mimi."

"Ungekubali?"

Hakujua kama angekubali. Alilala akiligeuza lile jambo upande huu na ule. Kila akilitazama kwa upande wa Salomat, aliona hana kosa. Lakini akilirudisha upande wake, liliuma palepale. Asubuhi alichukua sindano mwenyewe. Alijitoboa mahali pasipofaa, damu haikutoka, akajitoboa tena. Salomat alisimama mlangoni akimwangalia, na Hoshim hakumwomba msaada.

Alhamisi alifunga duka mapema. Alioka mikate ya shayiri, myembamba, akaipiga muhuri wa nyota. Alichoma nyama ya kondoo isiyo na mafuta, akaoka bilinganya, akapika sufuria kubwa ya choroko. Salomat alikata matango na vitunguu bila kuambiwa. Walifanya kazi bega kwa bega wakiongea habari za chumvi na maji tu. Hakutaka huruma ya wenzake. Alitaka kujua kitu kimoja: kama wanaweza kula anachokula yeye, angalau mwezi wa zamu yake ukifika, ili zamu hiyo isifutwe na nafasi yake ibaki.

Walikuja wote, tena kwa wakati. Tolib alileta kapu la kokwa za jozi, Mutal alileta matango, akasema kabeba jina la mwenye nyumba. Waliosha mikono, wakaketi, wakaomba dua. Wakasifu mkate. Wakasifu nyama. Hoshim alianza kufurahi, na kwa muda mfupi alijiona mjinga kwa kuwa alikasirika.

Halafu akatazama mikono. Alikuwa ameuza mkate maisha yake yote, na alijua mtu mwenye njaa humega kabla hajakaa sawasawa, kipande hakigusi kitambaa. Hawa walimega, wakaweka mbele yao. Kijiko cha Tolib kilikuwa kinazunguka ndani ya supu bila kupanda. Walikuwa wanasifu sana, kama watu wanaotaka kumaliza. Mmoja alibana mwayo. Tolib alipoinama kumpa jirani yake chumvi, kutoka kwenye mkono wa shati lake ilikuja ile harufu, bizari na mafuta ya mkia, ingali mpya ya saa hiyohiyo.

"Mmekula wapi?" aliuliza Hoshim.

Tolib akatabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Kidogo tu, ndugu yangu. Pale mgahawa wa sokoni. Tulisema tusije hapa na njaa zetu tukakusumbua, ukajiona una deni la kutupikia vitu vyetu. Usilichukulie vibaya."

"Wote?"

Mutal alikuwa na mdomo uliojaa. Kipande cha tatu cha mkate wa shayiri kilikuwa mkononi mwake, bakuli lake likiwa tupu. Alimeza kwanza. "Mimi walinipitia," alisema. "Niliwaambia siendi, mbona leo nina gashtaki." Akamsogezea Hoshim bakuli aongezewe.

Mlangoni alikuwa amesimama Salomat na birika la chai ya kijani. Alikuwa amesikia. Hoshim akainuka, akalipokea kutoka mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile macho yao yalikutana yakakaa. Hakujua macho yake yalimwambia nini. Akarudi kuketi mahali pa mmiminaji.

Alianza na Tolib, kama inavyotakiwa, kwa kuwa ndiye kiongozi. Alimimina polepole. Chai ilipita mahali pa heshima, ikapita nusu, ikapanda hadi mdomo wa kikombe, ikasimama pale ikitetemeka, kiasi kwamba mtu asingeweza kukiinua bila kujiunguza. Tolib alikitazama. Hakuwa mtoto, alikuwa mtu wa Margilan. Hoshim akampa cha pili mwenzake aliyefuata, kimejaa vilevile, na cha tatu, na kila kilichofuata, bila haraka na bila kumwaga tone kwenye kitambaa. Chumba kizima kilisikia maji yakipanda.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Tolib. Alitafuta kofia yake, akagusa kifua, akasema Mungu abariki chakula hiki. Alisimama kidogo kana kwamba anangoja kulishwa neno, kisha akatoka, na wengine nyuma yake, wakivaa viatu.

Kikombe cha Mutal kilikuwa bado hakijamiminwa. Hoshim alikitilia chai kidogo chini kabisa, kiasi cha funda moja. Mutal akainywa, akafuta masharubu, akakirudisha kikombe kwa mmiminaji, akangoja.