Mbwa wa Kuvuta Pumu

Mwalimu Eleuterio Chancafe alikuwa amestaafu ualimu mkuu miaka kumi na miwili iliyopita, lakini mji mzima wa Monsefú bado ulimsalimu kofia mkononi, naye hakuona sababu ya kuuzuia. Kwa hiyo daktari kijana wa Chiclayo alipomwonyesha mkono wa mjukuu wake, aliutazama kama alivyozoea kutazama daftari la mwanafunzi mzembe.

Mkono wa Rosaura, binti wa miaka tisa, ulikuwa umedungwa mahali sita kupimwa mzio. Mahali pamoja palikuwa pamefura kama kifungo cha koti.

"Hapo ni mbwa," daktari alisema. "Kama mtoto anataka mnyama wa kufuga, mchagulieni kobe, au samaki. Mzio wake si wa kuchezea, mwalimu, na pumu yake ndiyo kabisa."

"Kobe!" Rosaura alinung'unika. "Kobe hata haji mlangoni ukirudi shule."

Mama yake, Ysabel, alikuwa akishona nguo kiwandani huko Lima, na alikuwa amemwacha mtoto kwa babu yake kwa sharti moja: akilazwa tena hospitalini kabla ya Krismasi, atamfuata mamake. Tangu mkewe mwalimu alipofariki, sauti ya Rosaura ndiyo pekee iliyomjibu ndani ya nyumba ile. Hilo mwalimu hakuwahi kumwambia mtu.

Walipokuwa wakirudi alikata shauri. "Kijana yule amepima mbwa wenye manyoya. Sisi tuna mbwa wetu."

Mbwa hao hawana unyoya mwilini. Ni weusi kama chungu kilichotoka motoni, na ngozi yao huchemka. Wazee wa pwani ile waliwalaza juu ya vifua vya wenye pumu na magoti ya wenye baridi yabisi, wakisema kwamba joto lile huvuta ugonjwa ukamhamia mbwa. Jambo lililoaminiwa na babu zake wote, mwalimu alisema, halifutwi na sindano ya mtoto wa juzi.

Kwa doña Petronila Llontop, bibi mfugaji wa mbwa hao, walikuta vitoto vinne. Kimoja kilikuwa kimezaliwa na manyoya, na ndicho Rosaura alichokikimbilia. Aliurudisha mkono kabla hajakatazwa.

"Kila uzazi hawakosi kutoa mmoja wa kutia aibu," doña Petronila alisema akicheka. "Kama ukoo wangu tu. Lakini nikwambie, mwalimu, hata hao wenye kipara mate wanayo. Mpwa wangu alilambwa na mmoja, akatoka vipele mpaka masikioni."

"Mpwa wako hutoka vipele hata akiona jembe."

Akachagua aliyekuwa na ngozi safi kuliko wote, akamwita Huaco, jina la vyungu vya kale vinavyochimbuliwa makaburini, ambavyo vingine vina sura ya mbwa hao. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Sikiliza. Huyu haji kwangu kucheza. Anakuja kufanya kazi. Akishindwa kazi, anarudishwa siku hiyo hiyo."

"Akirudishwa ataenda wapi?"

"Kuna mwenye shamba la miwa anatafuta wa kufunga mnyororo," doña Petronila alijibu.

Kila jioni Rosaura alilala mkekani, Huaco juu ya kifua chake, na mwalimu akahesabu nusu saa kwa saa yake ya mfukoni. Mtoto alipotoka vipele shingoni, mwalimu alisema ugonjwa unatoka. Macho yalipomwiva, alisema unatoka. Kila Jumapili alimpigia simu Ysabel. "Wiki ya saba, na kifua hakijambana hata mara moja." Kwa kinyozi alikwenda mbali zaidi: alisema yule daktari apelekewe kobe, akatibiwe naye.

Jumamosi moja ya Novemba alifungua mkoba wa shule wa Rosaura akitafuta penseli, akakuta inhela, kile kipulizio cha pumu. Ilikuwa ile aliyonunua siku aliyokuja mbwa, ikiwa na dawa ya kupuliza mara mia mbili. Kidirisha chake sasa kilionyesha zimebaki kumi na moja.

Alimwita.

"Ulikuwa unaitumia wapi?"

"Bafuni, babu. Nafungua bomba, usisikie."

"Kwa nini?"

Mtoto alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni la kijinga. "Ulisema akishindwa kazi anarudishwa."

Kesho yake, Jumapili, simu ilipopokelewa, Rosaura alikuwa amesimama karibu, amempakata Huaco. Mwalimu alisafisha koo. "Wiki ya nane," alisema, "na kifua hakijambana hata mara moja." Alikusudia kumrudisha mbwa Jumatatu kimyakimya, mambo yaishe ndani ya nyumba. Alipoinua macho, Rosaura alikuwa akimtazama, si kama mjukuu anavyomtazama babu yake, bali kama mwizi anavyomtazama mwizi mwenzake.

Alasiri yote Rosaura hakumbandua mbwa usoni, maana alikwisha kufahamu kwamba atarudishwa. Jumatatu, saa nne asubuhi, alianguka uani shuleni, inhela ikiwa tupu mkononi. Alilazwa siku nne.

Ysabel alishuka basi akaja moja kwa moja wodini.

"Wiki ya nane, baba. Si ndivyo?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Ulijua?"

Angeweza kumsingizia mtoto, na angeaminiwa. "Nilijua tangu Jumamosi."

"Basi uliuchagua mdomo wako kuliko kifua chake," Ysabel alisema. "Mwanangu uliniwekea tu, hakuwa wako wa kuchezea."

Siku ya kumchukua mtoto kwenda Lima, kwenye kituo cha basi, Ysabel alimzuia babake kwa kiganja. "Usimkaribie. Koti lako lote ni mbwa."

Wakaagana wakiwa wametengana hatua tano, katikati ya wachukuzi. Rosaura alipaza sauti iliyokuwa bado na mkwaruzo. "Babu, usimrudishe! Niahidi!"

"Nimeahidi."

Krismasi ilipita. Mwezi Januari Ysabel alituma ujumbe: mtoto angeweza kuja likizo, ikiwa mbwa ataondolewa na nyumba yote kupigwa deki. Mwalimu aliusoma akiwa kitini, Huaco juu ya magoti yake. Magoti hayo hayakuwa yamemuuma tangu Novemba, na hilo pia hakumwambia mtu. Jumapili alimwuliza Rosaura mwenyewe kwa simu.

"Mama yako anasema uje. Huaco nimpeleke wapi?"

 Upande wa pili akasikia pumzi, nyepesi, isiyo na mlio wowote.

"Uliniahidi, babu," mtoto alisema. "Yupo hapo?"

"Yupo."

"Msogezee simu."

Akaisogeza simu kwenye sikio la mbwa, akakaa akiishikilia hivyo mpaka mjukuu wake alipomaliza kuzungumza na Huaco na kuikata.