Mama Mkwe na Kidole cha Shemeji

Bomba alikuwa ameketi kinyumenyume kwenye kiti cha mbao, mikono imelala juu ya egemeo tayari kufungwa bandeji, mlango uliposukumwa bila hata kusubiri karibu.

"Hodi humu! Nimekuja kuhakikisha shemeji yangu hafungiwi matofali mikononi!"

Bomba aligeuza shingo akamwona. Alijua lazima atakuja mtu. Ndiyo sheria ya ngumi za kulipwa: bandeji hufungwa mbele ya macho ya kambi ya pili, asije mtu akaficha chuma ndani. Lakini katika watu wote wa kambi ya Jenereta, mpinzani wake wa usiku huo, wamemtuma huyu! Mume wa dada wa damu wa Bomba, msaidizi wa kocha wa Jenereta, mtu mwenye macho ya kuona mende akikonyeza gizani.

Bomba alikuwa fundi mabomba mchana na bondia wa uzani wa welta jioni. Mwili wake ulikuwa umekaa palepale kwenye mpaka wa chini wa uzani huo, hata akinyoa ndevu wenye mizani walimwambia akale kwanza ndiyo arudi. Miaka kumi na minane alikuwa ulingoni, na kilichomlisha ni mkono wa kulia. Mashabiki waliuita Mama Mkwe, kwa sababu ukikujia huna ubishi, unainamisha kichwa tu. Kuna bondia mmoja aliyeguswa nao raundi ya pili, akazinduka akiomba nauli ya kurudi kwao, na ukumbi wenyewe uko mtaa wa nyuma ya nyumba yake.

Sasa Mama Mkwe alikuwa mgonjwa. Na kosa lilikuwa la Bomba mwenyewe. Pale wanapofanyia mazoezi kulikuwa na bomba linalovuja darini, tone, tone, juu ya gunia la mchanga. Kila jioni kocha wake, Mzee Pamba, alimwambia, "Fundi, lizibe hilo." Na kila jioni fundi alijibu, "Kesho, mzee." Gunia likanywa maji mwaka mzima, mchanga ukashuka chini ukaganda ukawa zege. Wiki hiyo ya pambano Bomba akalitandika konde la chini kwa nguvu zote. Kilichopasuka si gunia.

Kuahirisha haikuwezekana. Mkanda wa ubingwa alikuwa ameusotea maisha yake yote, na kwa umri wake hakuna promota ambaye angempigia simu tena. Tegemeo lake lilikuwa moja: Jenereta alimwogopa Mama Mkwe. Asipojua kuwa anaumwa, atakaa mbali. Akijua, ataingia ndani na kumfagia kama vumbi.

"Mkono basi, shemeji," Shemeji alisema, kiganja kimenyooka.

Mzee Pamba akajitia katikati haraka, pamba yake ya kuzuia damu nyuma ya sikio. "Hakuna kushikana mikono kabla ya pambano. Mkosi huo!"

"Haya. Utanipa baadaye." Shemeji akapindua ndoo, akaikalia karibu kabisa, magoti yakigusana na kiti. "Dada yako anakusalimia. Anasema juzi ulipita kunywa chai, kikombe kikakuponyoka."

"Kilikuwa cha moto."

"Anasema kilikuwa kimepoa. Nikamuuliza, mkono gani? Akanijibu eti, mimi nilikuwa naangalia kapeti langu, mkono niuangalie wa nini!" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Kwa hiyo nimekuja kuangalia mwenyewe."

Mzee Pamba akaanza na wa kulia. Bandeji ikapita kwenye kifundo cha mkono, ikapanda kwenye gumba, ikavuka vifundo vya vidole. Kila mzunguko uliingia kama spana inayokazwa kwenye jino. Bomba akauliza habari za watoto. Akauliza habari za kapeti.

"Ngoja hapo," Shemeji alisema. "Sheria inaniruhusu kubonyeza."

Akaweka kidole gumba juu ya fundo lilelile lililopasuka. Akabonyeza taratibu, huku anamtazama usoni.

Bomba aliona nyota ambazo wanajimu bado hawajazipa majina. Kelele ikapanda kutoka tumboni, ikafika kooni, na hapo, kwa kukosa njia nyingine, akaitoa kama mwayo. Mwayo mrefu, mpana, wa kumeza mlango.

"Tunakuchosha?" Shemeji aliuliza.

"Sikulala vizuri, shem."

Shemeji akaondoa kidole, lakini hakuondoka. Mtu huyu alikuja kutafuta mkono mbovu na hatoki bila mkono mbovu. Basi apewe, Bomba aliwaza. Mzee Pamba alipogusa tu wa kushoto, mkono mzima kama mlingoti, Bomba akavuta hewa kwa meno. "Sss!"

Mzee Pamba akashtuka. "We vipi? Mbona huo ndio..."

Bomba akamkanyaga kidole cha mguu.

"Ndio nini, mzee?" Shemeji alisogeza ndoo.

"Ndio... ndio wa kushoto," alisema Mzee Pamba, machozi yakimlenga.

Shemeji akatia saini juu ya bandeji zote mbili, akatoka mbio kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Raundi tatu za kwanza Bomba alipigana bila mikono. Wa kulia aliuinua juu, akautikisa, akautishia, asiuachie. Wa kushoto aliubana ubavuni kama wa mgonjwa. Jenereta akamponda mbavu, akampasua nyusi, akamchangamsha masikio. "Rusha kitu!" Mzee Pamba alimlilia konani. "Hata mate!" Bomba akatikisa kichwa. Alikuwa anatazama miguu ya Jenereta. Kila raundi miguu hiyo ilizidi kumkimbia Mama Mkwe, ikihamia upande wa kushoto wa Bomba, upande ambao Shemeji alimwambia Jenereta ni salama.

Raundi ya nne Jenereta akahamia kabisa, akashusha ulinzi wa upande ule, akainua ngumi ya kummaliza. Mkono wa kushoto wa Bomba ukatoka ubavuni.

Taya la Jenereta liligeuka kwanza, mwili ukafuata baadaye. Refa alihesabu hadi kumi, na angefika mia asingeulizwa.

Glovu zilipovuliwa na mkanda kufungwa kiunoni, Shemeji akapanda ulingoni, uso umekunjamana. "Mwongo mkubwa wewe. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima!"

"Mzima kabisa, shem."

"Na chai je?" Akatikisa kichwa, akashindwa kuzuia tabasamu. "Haya. Nilisema utanipa baadaye." Akaunyakua mkono wa kulia, akaubana kwa upendo wote wa ukoo.

Mayowe yaliyomtoka Bomba, mpaka Jenereta aliinuka kwenye kigoda chake akidhani kengele imelia.

Shemeji aliutazama ule mkono. Akamtazama mwenye mkono. "Nilikuwa na kidole juu yake," alisema polepole. "Juu yake kabisa! Na wewe ukapiga mwayo!"

Wiki iliyofuata Bomba aliketi chini ya dari inayovuja ya pale mazoezini, mkono kwenye plasta, mkanda begani. Juu ya ngazi alisimama Shemeji, spana mkononi, maji yakimchuruzika ndani ya kola.

"Kaza, shem," Bomba alimwambia. "Kaza kama ulivyobonyeza."