Debe Lisilo na Macho

Jaffar, fundi redio wa Voi, aliapa kwamba kile kitu hatakipa uso. "Sura huumba Mwenyezi Mungu, Mwalimu," alimwambia Loise siku alipokileta shuleni ndani ya gunia. "Mimi naunganisha nyaya tu."

Na kweli hakukipa. Kilikuwa debe la mafuta ya kupikia lililokalishwa juu ya debe jingine, tumboni kikiwa na redio kaseti, na mikono yake ya bati iliinuliwa na mota ya wipa ya gari. Pale ambapo ungetarajia macho na mdomo palikuwa pamesuguliwa tu, pakabaki patupu. Watoto waliowahi kuona video mjini walikiita Roboti. Wasiowahi walikikimbia, na tuseme ukweli, hata Mwalimu Loise alikiogopa. Jioni alikifunika leso yake ya kujitanda, akisema ni kwa ajili ya vumbi. Tangu lini vumbi la Voi likazuiwa na leso?

Alikivumilia kwa ajili ya Jannat.

Jannat alikuwa binti wa Jaffar, miaka minane, na tangu azaliwe hakuwahi kuitika akiitwa. Siku hizi mtu angesema ana usonji. Mwaka ule uliofuata mvua kubwa za El Nino, Voi ilisema mtoto amechezewa na majini, na Voi ikishasema haikosi mashahidi. Jannat mwenyewe hakuwa na ugomvi na mtu. Alichopenda ni gari moshi. Akisikia honi hutoka mbio hadi relini, akakaa katikati na kulaza sikio juu ya chuma. Wapita njia walishamnyakua pale zaidi ya mara moja. Mwishowe Jaffar akawa anamfungia katika chumba cha uani, kisha anakwenda dukani huku machozi yanamtoka, maana hakuwa mtu katili.

Loise ndiye aliyemsihi amlete katika darasa lake la watoto maalum. Jaffar alikubali kwa sharti.

"Mpaka mwisho wa muhula, Mwalimu. Mtoto asiyeitika akiitwa, reli itamla. Akifunzika kuitika, atasoma. Asipofunzika, narudisha kufuli."

Tatizo ni kwamba Jannat hakuvumilia kutazamwa. Loise akimwinamia na kumwita, mtoto aligeuza uso kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Lakini redio aliisogelea mwenyewe, akalaza shavu kwenye spika. Hapo ndipo Jaffar alipopata wazo lake. Loise akarekodi kanda: anaita "Jannat!" kisha anajijibu mwenyewe jinsi mabinti wa Pwani wanavyofunzwa kuitika, "Abee." Walipokuwa wakirekodi, gari moshi la mizigo lilipita relini nyuma ya shule likapiga honi, nayo ikaingia kwenye kanda. Waliiacha. Kanda nyingine ya Jaffar ilikuwa ya taarabu, na mkewe asingekubali ifutwe.

Roboti ilipoinua mkono na kuita, Jannat alisogea, akakaa mbele ya ule uso mtupu na kuutazama kwa utulivu ambao hakuwahi kumtazama nao binadamu yeyote. Wiki zikapita hivyo. Halafu asubuhi moja, Loise akiwa anafuta ubao, akasikia nyuma yake:

"Jannat! Abee."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Si ya mtoto anayemwigiza mwalimu, la. Ilikuwa ile ile, na lafudhi yake ya milimani, na mkwaruzo wa mafua aliyokuwa nayo siku ya kurekodi. Kisha kinywa kile kidogo kikatoa honi ya gari moshi, kwa mbali, ikikaribia. Loise akageukia dirishani. Reli ilikuwa tupu.

Tangu hapo ikawa hivyo hivyo: jina, jibu na honi, vyote kwa mkupuo, na vyote mbele ya debe tu. Binadamu akimwita, kimya. Loise aliona wivu, tena wivu wa kumwonea debe. Alianza kuhisi kwamba sauti yake imehamia mle ndani na yeye amebakizwa ganda.

Muhula ulipokaribia ukingoni, Mwalimu Mkuu, Bwana Nzioka, akamwita ofisini.

"Madam, wazazi wanasema tunafuga jini. Ama uipake macho ifanane na mtu, ama uitoe hapa."

"Baba ya mtoto hatapenda, sir."

"Baba ya mtoto si headmaster."

Mwingine angebisha. Loise hakubisha, na sababu haikuwa Nzioka. Yeye mwenyewe aliyataka yale macho. Alikuwa amechoka kukaa na kitu kinachosema kwa sauti yake bila uso. Jioni ile alichukua rangi nyeupe na nyeusi, akalichora debe macho mawili makubwa na mdomo wa kutabasamu, akalifunika leso na kwenda nyumbani akiwa mwepesi.

Asubuhi akaivuta leso mbele ya Jannat.

Mtoto aliyaona yale macho. Hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mlango, ambao Loise alikuwa hajautia komeo, kinywa kikafunguka, na sauti ya Loise ikatoka ikiita, "Jannat! Jannat!" bila jibu, kama mtu anayemtafuta aliyepotea. Kisha akachomoka.

Loise alimfuata mbio, leso ingali mkononi. Alipofika nyuma ya shule, Jannat alikuwa ameshakaa katikati ya reli, sikio kwenye chuma.

Honi ikalia.

Loise alitazama kule reli inakopinda na kupotelea vichakani. Hakuona kitu. Honi ikalia tena, ile ile ya kwenye kanda, na hakujua kama imetoka relini au kinywani mwa mtoto.

"Jannat!"

Mtoto alikutana na macho yake, akasota mbali zaidi juu ya mataruma ya reli. Loise akapiga hatua, mtoto akasota tena. Kila alivyomsogelea na uso wake ndivyo alivyozidi kumsukuma kule kwenye kona. Halafu kokoto chini ya viatu vyake zikaanza kutetemeka. Kokoto hazijui kuigiza.

Ndipo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamuuma. Akajitupia leso kichwani, akaikaza mpaka asione ila wekundu wa kitambaa. Akainua mkono mmoja juu, kama lile debe, akabaki amesimama. Akaita taratibu, kwa sauti ya kwenye kanda, mafua na yote.

"Jannat."

Mtetemo ulimpanda hadi magotini. Akifunua, atampoteza. Asipofunua, huenda akampoteza bila kujua. "Ee Mlungu," alimwomba Mungu moyoni kwa lugha ya kwao milimani, akabaki vile vile.

"Abee."

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa nzito, yenye kukwama, ya mtu aliyeamshwa kutoka usingizi mrefu, na ilitoka karibu kabisa, chini ya kiwiko chake. Vidole vidogo vikashika kidole chake. Wakarudi nyuma, mtoto akimwongoza, na gari moshi la mizigo likapita likimvuta nguo kwa upepo wake. Loise alitamani sana kukiona kinywa kilichosema. Mkono ukapanda hadi kwenye leso, kisha ukashuka.

Jaffar alikuwa ameshaitwa na watoto. Aliwakuta langoni, mwalimu amejifunika gubigubi, na binti yake amemshika mkono.

"Mwalimu! Kuna nini? Mwanangu yu mzima?"

"Mwite, Baba Jannat. Lakini jifunike macho kwanza. Usichungulie."

Jaffar alisita, kisha akavua kofia yake akajifunika nayo macho.

"Jannat?"

Halafu ile sauti nzito ikasema, "Abee, baba."

Jaffar akapiga magoti vumbini, kofia bado usoni, akalia kwa sauti. Loise naye akalia ndani ya leso. Neno baba hawakulirekodi kwenye kanda.