Udongo Mweusi wa Jumamosi

Kitu cha kwanza kumtia Mayaka wasiwasi kilikuwa udongo. Jumamosi moja ya mwezi wa tano, jua lilipotua na Sabato ikaisha, alifungua duka lake la kutengeneza simu na redio pale Awendo, akalitoa kwenye sanduku lile gari dogo la rimoti ambalo yeye na rafiki yake Dishon walikuwa wakilijenga tangu Januari. Alipoligeuza, aliona udongo umejibana kwenye meno ya matairi. Udongo wa mtaa wake ni mwekundu, humchafua mtu hadi soksi. Huu ulikuwa mweusi tititi, wa kunata, kama ule wa upande wa Rodi Kopany na Lambwe. Gari lilikuwa limesafiri, na yeye mwenye gari alikuwa kanisani.

Kusema kweli, gari lilikuwa la watu wawili. Mayaka ndiye aliyefunga mota, batri na nyaya. Dishon, fundi wa kuchomelea trela za miwa, ndiye aliyeunda fremu kwa vyuma vyembamba. Mwanzoni Mayaka alitaka waagize Nairobi gari lililokwisha kuundwa. Dishon akamcheka, akasema gari la dukani linajua sakafu ya duka tu, mawe ya Homa Bay litayajulia wapi. Wakajenga. Wakaliita Opuk, yaani kobe kwa Kijaluo, kwa sababu mashindano ya kupanda miamba si ya mbio. Gari hupita polepole juu ya mawe, lango baada ya lango, kati ya vijiti viwili. Likigusa kijiti linaandikiwa pointi, likipinduka linaandikiwa kumi, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mshindi wa fainali ya Rodi Kopany angekwenda Nairobi kushindana na nchi nzima. Mayaka, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kushinda hata mbio za magunia shuleni, alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote.

Opuk alikuwa na siri yake. Zamani kila alipofika mwinuko mkali aliinua pua na kuanguka chali, hadi Dishon alipokuja na kiganja cha vipande vya risasi, vile vinavyofungwa chini ya wavu ili uzame. Alipewa na shemeji yake Emmaculate, anayeshona nyavu ufukweni Homa Bay. Walivipanga ndani ya magurudumu ya mbele, wakarudishia matairi juu yake, na kuanzia siku hiyo pua ya Opuk ikawa haibanduki kwenye jiwe. Waliahidiana kwamba jambo hilo lisitoke nje ya duka.

Tatizo lilikuwa tarehe. Fainali ilipangwa Jumamosi, na Mayaka ni Msabato wa kweli, si wa kujionyesha. Ijumaa jua likielekea kutua hufunga duka na kuzima simu. Wakati mmoja alimkuta Dishon Jumamosi nyuma ya duka akichomelea bawaba ya mtu, akamkaripia palepale. Alimwambia amri inakataza kazi hata kwa mgeni aliye malangoni mwake, na dhambi ya kazi hiyo ingeandikwa kwake yeye Mayaka. Dishon, Mkatoliki asiye na maneno mengi, alizima mashine akasema amesikia. Kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba siku ya fainali Dishon angeendesha peke yake huko Rodi, na Mayaka angekuwa kwenye benchi la kanisa akiimba huku roho yake iko juu ya mawe.

Sasa huyu mtu mwenye ufunguo wa pili wa duka alikuwa akilipeleka gari wapi siku ambayo mwenzake hawezi kuuliza? Mayaka alikuwa fundi wa kupima kila waya kwa mita. Kitu asichokipima hakiamini. Alisafisha matairi, na Ijumaa iliyofuata akaweka njiti ya kiberiti juu ya kifuniko cha sanduku. Jumamosi jioni njiti ilikuwa sakafuni, na udongo mweusi umerudi. Akaanza kumwangalia Dishon kwa jicho la pembeni. Aliona kwamba simu yake ikilia hutoka nje kuzungumza, na akirudi hujitia hamnazo, mara aulize bei ya soda, mara asifie mvua. Mkewe Kemuma alimwambia kuuliza si ujinga, amuulize tu. Mayaka akajibu kwamba mwizi haulizwi, hunaswa.

Jibu hilo lilimfurahisha mwenyewe kwa siku tatu, mpaka Osoro alipokuja kutengenezewa redio. Osoro huendesha lori la miwa na husali kanisa moja na Mayaka, lakini Jumamosi ile gari la mgonjwa wa familia lilimpitisha Rodi. Alisema alimwona Dishon kwenye kibanda, amekaa na Jacktone.

"Jacktone yupi?" Mayaka aliuliza, ingawa alijua.

"Yule wa magari ya rimoti. Na gari ilikuwa juu ya meza, katikati yao. Imefunguliwa kabisa. Mimi nakwambia vile niliona."

Jacktone ndiye aliyeshinda mwaka uliopita, na ndiye peke yake Mayaka aliyemhofia. Aliona siri ya risasi ikimwagwa mezani kama mtama kwenye kuku wengi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na kila alipolirudia neno hilo lilizidi kuwa tamu na chungu kwa pamoja.

Kisha, siku kumi kabla ya fainali, Dishon alikuja dukani uso umechangamka. Alisema kamati imesogeza mashindano hadi Jumapili, na kwamba sasa Mayaka aje aendeshe mwenyewe. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mayaka alianza kupiga hesabu. Tarehe haisogei yenyewe. Nani alihitaji siku moja zaidi, kama si mtu anayemalizia gari la kuiga? Na kwa nini Dishon amwachie rimoti sasa, kama si kwa sababu anajua watashindwa na anataka aibu imwangukie mwingine? Akasema hapana, Dishon ndiye dereva, aendeshe yeye. Dishon alimtazama kidogo, akainamisha kichwa akatoka.

Alhamisi, siku tatu kabla ya mashindano, akiwa peke yake, Mayaka alifungua magurudumu ya mbele, akatoa risasi zote, akazipanga chini ya batri, katikati ya gari. Aliwaza kwamba anachokijua Jacktone kisiwe na faida tena, na Dishon asijue, ili asipate cha kupeleka. Alirudishia matairi, akalijaribu gari kwenye ubao alioegemeza ukutani, likapanda bila shida. Usiku huo alilala usingizi mzuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Jumapili walikutana Rodi. Dishon alikuwa amesali misa ya kwanza na bado amevaa shati la kanisani. Mawe yalikuwa meusi, yameoshwa na mvua ya jana, na watu wamekaa juu ya jerikani na viti vya kukodi. Mayaka hakuangalia watu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari la Jacktone, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu. Magurudumu yalikuwa ya kawaida, mepesi, hayakuigwa popote. Kwa dakika moja moyo wake ulitulia, na angeweza kurudi kumwambia Dishon ukweli. Lakini alipotazama fremu aliona mshono mpya wa kuchomelea, mfupi mfupi, umelala upande mmoja kama magamba ya samaki. Aliujua mshono ule kama mtu anavyoujua mwandiko wa mkewe. Ulikuwa mkono wa Dishon. Basi, alijiambia, nimekushika, na akaziba mdomo wake.

Opuk alipita malango manane akiwa na pointi mbili tu. Dishon alikuwa hatazami hata rimoti. Vidole vyake vilikuwa vinajua kila jiwe. Lango la tisa lilikuwa juu ya bamba moja refu, la mteremko wa kutisha, na Dishon alilielekeza gari pale bila kusita, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Katikati ya bamba Opuk aliinua pua. Dishon alikunja uso, akapunguza nguvu, akaongeza. Gari lilisimama kwa magurudumu ya nyuma, likakaa hivyo muda wa kupumua mara moja, kisha likaanguka chali. Waliandikiwa kumi. Jacktone alishinda kwa pointi tatu.

Jacktone mwenyewe ndiye aliyekuja kumpa Mayaka mkono. Alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko cha karibu.

"Kumbe ndiwe Mayaka wa Sabato," alisema. "Huyu rafiki yako alitusumbua sana. Kamati ilisema tarehe haibadiliki mpaka madereva wote tuweke sahihi, na mimi ndiye nilikataa. Alikuja Jumamosi nne. Mwisho nikamwambia, nichomelee fremu yangu iliyovunjika ndio niweke. Akaifungua kwa meza ya kibanda akachomelea, hakuitisha hata soda. Hiyo yenu nikiomba kuona anaifunika na gunia. Akimaliza na mimi anaenda kwa ile jiwe ya tisa, anapanda mpaka jioni."

Mayaka aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani ardhi impokee. Alimgeukia Dishon, akamuuliza kwa nini hakumwambia.

Dishon alikuwa amechuchumaa, anafuta matope kwenye gari kwa kipande cha gunia. "Kamati inakaa Jumamosi," alisema. "Ulisema kazi ya Sabato inaandikwa kwako. Nikaona kama hujui, haiandikwi. Nilitaka tu uendeshe gari yako, omera, ndugu yangu."

Alipofika kwenye gurudumu la mbele mkono wake ulisimama. Alilibonyeza, akalipima kiganjani, akalibonyeza la pili.

"Risasi ziko wapi?"

"Nilizihamisha," Mayaka alisema. "Alhamisi. Ziko chini ya batri."

Dishon hakuuliza sababu. Aliitazama fremu ya Jacktone pale chini, akamtazama Mayaka, naye Mayaka akaona jinsi mwenzake alivyokuwa akiunganisha kipande kimoja na kingine mpaka kazi ikakamilika. Kisha alimpa Mayaka gari kwa mikono miwili, akachomoa ufunguo wa duka kwenye mkufu wake wa funguo, akauweka juu ya gari, akaenda kutafuta usafiri wa kurudi Awendo. Mayaka alimwita mara mbili. Hakugeuka.

Wiki nzima Mayaka alipitia karakana ya trela, na kila mara aliambiwa Dishon yuko kazini shambani. Alimwachia ujumbe wa kuomba radhi kwenye simu, akamtuma Kemuma kwa mke wa Dishon, akarudisha risasi zote ndani ya magurudumu ya mbele, moja moja, kama zilivyokuwa. Aliyaosha matairi. Alhamisi aliuacha ule ufunguo wa pili karakanani, umefungwa kwenye bahasha yenye jina la Dishon. Ijumaa, kabla jua halijatua, aliweka njiti ya kiberiti juu ya kifuniko cha sanduku, safari hii akiomba ianguke.

Kanisani hakusikia mahubiri. Jumamosi jioni alifungua duka haraka, hata taa hakuwasha, akaliendea sanduku. Njiti ilikuwa palepale alipoiweka. Aliliinua gari, akaligeuza mlangoni kwenye mwanga uliobaki, akapitisha kidole kwenye meno ya matairi yote manne, akitafuta hata chembe ya udongo mweusi. Matairi yalikuwa safi.