Hodi Zisizo na Jina

Ndoto hii niliiota usiku wa kuamkia leo, nimelala na udhu wangu, kwa hiyo mtu asiniambie ni shetani.

Kwanza niseme kilichotangulia. Binti yangu Mwanasiti amenunua tovuti, ili kofia za marehemu baba yake zionekane na watu. Marehemu Shekue alikuwa akichora nakshi kwenye kitambaa, mimi nashona. Ya mwisho aliichora akiwa kitandani, nami nikaimaliza baada ya kutoka eda. Sasa tovuti yenyewe si mpya. Zamani ilikuwa ya duka la nyuzi, ikaangukia mikononi mwa watu wasioeleweka, ndipo ikatufikia sisi. Na tovuti za kamari na uchafu mwingine bado zimeweka njia, yaani viungo vya kubofya, zinazoelekeza kwetu. Mtambo wa kutafuta ukiziona, unatuhesabu na sisi wahuni, unatuficha.

"Kesho asubuhi nauambia mtambo kwamba njia hizo nazikana zote, mama," Mwanasiti aliniambia. "Kwa mpigo mmoja."

"Umezitazama?"

"Ni nyingi kama mchanga! Nani wa kuzitazama?"

Nikasali isha, nikalala.

Basi, ndotoni tovuti ni nyumba. Ina baraza, ina mlango wa mbao wenye komeo, na ukutani imetundikwa kofia ya mwisho ya marehemu. Nimekaa ndani, mchana kweupe. Dirishani naona njia zinaijia nyumba kutoka kila upande, zimenyooka kama mistari ya mkonge, sioni zinakoanzia.

"Hodi!"

"Karibu," nikasema. Mtu aliyelelewa angesema nini?

Nyumba ikazama ardhini, kiasi cha kizingiti.

Komeo likakohoa. "Bibi, unamjua unayemkaribisha?"

"Sijamwona bado."

"Basi jua kwamba kila ukisema karibu, tunashuka. Na leo Mtafutaji anapita na taa yake. Nyumba iliyozama yeye haitazami. Kofia ya mzee itakaa humu gizani, wala hakuna atakayejua iliwahi kuchorwa."

Mgeni akaingia. Alikuwa mashine ya kamari, tumbo lake la kioo linazungusha picha za matunda.

"Mwenye nyumba wa zamani alitukaribisha wote," akasema, akijiketisha kwenye kiti cha marehemu.

"Mnaleta nini?"

"Hatuleti kitu. Tunaelekeza tu."

"Mnamwelekeza nani?"

Akafikiri. Matunda yakazunguka, yakasimama. "Hakuna mtu," akasema.

Nikamwomba kwa adabu aondoe njia yake. Akasema nikamwombe bosi wake. Nikainuka, na hapohapo nipo ofisini kwa bosi, ambako hakuna bosi. Kuna feni inazunguka na kiti kilichovaa tai.

"Shikamoo," nikakiambia, maana tai ilikuwa ya heshima.

"Ujumbe wako umepokelewa," kikajibu.

"Sijasema ujumbe wowote."

"Ujumbe wako umepokelewa."

Nikarudi. Ofisi imekuwa ua wa kwetu Muheza, ua umekuwa baraza, na barazani pamejaa: chupa za dawa ambazo mjane hapaswi kuzitaja, viatu visivyo na wenzao, mganga mwenye uso wa bango. Wote wanapiga hodi kwa pamoja. Nami, jamani, ulimi wangu unajibu wenyewe. Karibu. Karibu. Udongo umefika madirishani.

"Funga mdomo, bibi!" komeo likapiga kelele.

"Nimelelewa hivi tangu utotoni. Mama aliniadhibu kwa kumnyamazia mgeni."

"Mama hakukufundisha na kuuliza?"

Hapo nikakumbuka. Alinifundisha. Mgeni akipiga hodi una haki ya kuuliza ni nani, na mgeni mwenye adabu hutaja jina lake, hasemi "mimi".

Nikasimama mlangoni.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi tu," ikasema chupa.

"Sikujui," nikaiambia, nikikitazama kizibo chake. Neno hilo lilikuwa geni kinywani mwangu, maana sijawahi kumwambia mtu. Lakini njia yake ikajikunja kama mkeka baada ya wageni kuondoka, na nyumba ikapanda.

"Nani?" "Mimi." "Sikujui." Mganga akatishia kunifunga nyota. Sikujui. Mashine ya kamari ikalia machozi ya sarafu, ikanyanyuka kwenye kiti cha marehemu. Sikujui. Njia zinajikunja mpaka upeo wa macho, nyumba inapanda, dirisha linapata jua.

Ndipo ikaja nuru.

Mtafutaji ni mrefu, kichwa chake sikukiona. Anatembea juu ya nyumba zote za dunia, taa mkononi, na kila anapoielekeza, vitu vinataja majina yao: mwiko unasema mimi mwiko, kisima kinasema mimi kisima. Nikainama. Kisha nikaona miguu yake ina vumbi, nikajua ni kiumbe kama sisi, nikajizuia kusujudu. Lakini Mola aliyeruhusu kitu kama kile kitembee, Huyo nilimsifu kwa sauti.

"Hodi," ikaita sauti ndogo.

"Mkane upesi!" komeo likaninong'oneza. "Amefika! Imebaki hiyo moja tu!"

Ulimi ulishazoea. Ulishaanza "siku…" Nikauuma.

"Nani?"

"Mwanahawa binti Kombo, fundi wa kofia. Nafundisha wasichana kushona. Nilikuwa nawaelekeza hapa kwa nyuzi."

Nikachungulia. Njia yake ilikuwa nyembamba, imepinda, na ilikuwa imejaa nyayo: za ndala, za miguu mitupu, za mtoto aliyerukaruka. Zile nyingine zote hazikuwa na unyayo hata mmoja.

"Duka la nyuzi lilihama, mwanangu," nikasema. "Lakini kuna kofia. Karibu."

Nyumba haikuzama. Ilipanda. Mwanahawa akaingia, akaitazama kofia ya ukutani, akachomoa uzi ushungini mwake, wa rangi ya komamanga. Taa ya Mtafutaji ikapita dirishani, ikakaa juu ya kofia, nayo kofia ikafungua kinywa itaje jina la aliyeichora.

Nikaamka. Asubuhi. Mwanasiti yuko mezani, kidole juu ya kitufe.

"Ngoja!"

"Mama! Umenishtua."

"Usizikane zote. Mtafute kwanza Mwanahawa, fundi wa kofia."

"Nani huyo?"

"We mtafute."

Akazipitia njia hizo kwenye kioo cha kompyuta, moja moja, ananung'unika. Chai ikapoa. Kisha kidole chake kikasimama.

"Ipo," akasema polepole. "Ukurasa wa mama anayefundisha wasichana kushona. Mama, umemjuaje?"

Nilikuwa nimeishika kofia ninayoishona, niliyoiacha jana juu ya mto wa kulalia, na sindano niliyoilaza tupu, kwa kuwa macho yangu hayatungi tena uzi na Mwanasiti, anayenitungia, alishalala. Ilikuwa imetungwa. Uzi wa rangi ya komamanga.