Nyayo za Ngamia Wangu

Mwaka uleule Mungu alipomchukua mume wangu, ngamia wangu jike alipotea. Nilifuata nyayo zake pamoja na Guleid, karani wa kamati ya mifugo hapa Galbet. Mguu mmoja wa nyuma alikuwa akiuburuta kidogo. Nilikuwa nimemchunga miaka tisa, nyayo zake nazijua kama viatu vya wanangu. Zikaingia zizi la Mzee Ogle, mwenyekiti wa kamati, na ngamia yumo ndani. Chapa yangu na ya Ogle ni moja, sisi ni ukoo mmoja, kwa hiyo chapa haikunisaidia.

Nikashtaki. Ogle akacheka, yuko kitini pake.

"Mama Deeq, nyayo hazina mdomo. Kamati hii haiamini ila kilichoonwa kwa macho. Nani aliniona nikimchukua?"

Hakuna. Nikarudi nyumbani. Kila swala nikamwomba Mungu siku moja tu.

Mwaka huu akanipa. Ngamia dume wa Ogle aliibwa, nyayo zikaingia kwa Abdow, mfanyabiashara. Ogle akasimama mbele ya wazee, jasho linamtoka.

"Wallahi, nyayo zake nazijua!"

"Nani aliona kwa macho?" nikauliza kutoka upande wa wanawake.

"Kaa chini, mama. Hii si kesi yako."

"Nauliza sheria yako tu. Hamuamini ila kilichoonwa. Haya, sheria yenyewe nani aliiona? Ina rangi gani? Ilikunywa maji lambo gani?"

Abdow akacheka mpaka akashika mbavu. Ogle akababaika. "Hiyo... hiyo haionwi. Akili tu inajua."

"Basi unaamini usichokiona, na sheria yako inajikataa yenyewe. Chagua, mzee. Ikisimama, dume abaki kwa Abdow. Ikianguka, nyayo zitasikilizwa, na zangu zilitangulia."

"Jibu, mzee," Guleid akasema. "Hata za huyu mama nilizifuata mimi. Zilikuwa za ngamia wake."

Ogle akaangalia chini. "Ianguke."

"Sijasikia."

"Ianguke!"

Wazee wakaamua hapohapo: kila mmoja achukue wake.

Nilipokuwa nikimfungua jike wangu, na ndama aliyemzaa humo zizini kwa Ogle, Ogle alinifuata hadi mlangoni.

"Nisamehe, walaal, dada yangu."

"Msamaha muombe Mungu. Mimi nimefuata ngamia."

Kwangu ni karibu. Lakini nilishika njia ndefu, ya sokoni, polepole, wakati watu wamejaa.